Nta Sikioni mwa Mlinzi

Deli langu ni la buluu, lina mkanda wa begani, na lilipokuwa jipya kila mtu pale Ng'ambo aliamini nauza barafu. Siku ya kwanza kabisa fundi cherehani mmoja alinipigia mluzi, akanyoosha mkono bila hata kuinua macho kwenye cherehani yake.

"Dada, nipatie mbili za ukwaju."

Nikasimamisha baiskeli, nikamwambia za ukwaju sina.

"Za maziwa?"

Nazo sina.

"Sasa humo umebeba nini?"

Shangazi aliyenilea hakupenda mtoto mwongo, kwa hiyo nilimjibu kama ilivyo: "Choo cha watu kumi na mmoja, kaka. Barafu ipo, lakini ni ya kukipoza."

Aliurudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyeonywa kwamba pasi ni ya moto. Tangu siku hiyo mbele yangu ananiita Bibi Afya. Nikishapita ananiita jina jingine, nalijua, na siku moja nililiitikia, akakosa pa kuficha uso.

Mimi sikuona aibu na sioni hadi leo. Nalisema hili mapema ili asiyependa habari za choo aishie hapa hapa, tuagane vizuri.

Kidato cha nne nilimaliza na divisheni foo, ile ambayo watu wakikuuliza matokeo unawajibu unamshukuru Mungu. Baiolojia nilipata C. Ndiyo pekee, na nilitembea nayo moyoni kama mtu aliyevaa pete. Nilikuwa na ndoto ya koti jeupe. Koti sikulipata, nikapata kizibao cha kijani chenye mistari inayong'aa, pale mradi mmoja wa utafiti wa kansa ya utumbo mpana ulipotafuta vijana wa kuzungukia watu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nakwenda kwa mtu, namsomea fomu ya ridhaa, akikubali anatia sahihi au dole gumba, namwachia kikopo. Kesho yake narudi kukichukua kikopo. Ipuli na Ng'ambo nilizunguka kwa baiskeli. Siku za Isikizya tulikwenda na gari la mradi. Sampuli zikijaa kwenye friza, zilipakiwa kwenda Dar es Salaam kusomwa na mashine ambayo sisi huku hatuna.

Kila mzigo ulipoondoka nilikuwa nawaza wazee wetu Wanyamwezi, wale waliobeba pembe na nta mabegani kutoka hapa hadi pwani, miezi kwa miezi. Walijua uzito wa mzigo kuliko mtu yeyote. Bei yake waliijua wengine. Nilijiambia mimi sitakuwa mpagazi wa namna hiyo. Kama nabeba, nitajua nabeba nini.

Basi nikawa namsumbua bwana wa maabara. Yeye ni mtu wa Nzega, mpole, ambaye saa nne asubuhi hutoka nje na chupa yake ya chai na karanga zake za kukaanga, akakaa kwenye ngazi za nyuma. Hapo ndipo nilipokuwa namvamia.

"Mdogo wangu, kaa," aliniambia siku niliyomuuliza hasa tunatafuta nini kwenye choo cha watu. Akamwaga karanga chache kiganjani. "Ndani ya kila chembe ya mwili wako kuna maandishi. Marefu, usiombe. Mengine yanasema jenga, mengine yanasema acha. Hayo ya acha ndiyo walinzi. Kazi yao ni kuiambia chembe: mmeshatosha, msizaane tena."

"Sawa."

"Sasa kuna kitu kidogo mno kinaitwa methili. Kinakaa juu ya herufi." Akaiweka karanga moja juu ya goti lake. "Herufi haifutiki, haibadiliki. Lakini methili zikirundikana pale maandishi ya mlinzi yanapoanzia, mlinzi ananyamaza. Yupo, mzima kabisa, ila hasemi. Chembe zinazaana hakuna wa kuzikemea. Kansa nyingi za utumbo zina hadithi hiyo ndani yake."

"Na hizo methili anazileta nani?"

"Haziletwi. Mwili wenyewe unaziweka. Mimi ninazo, wewe unazo, na zina kazi ya maana, kwa sababu si kila andiko linatakiwa kusema kila wakati. Umri ukienda, nyingine zinakaa pasipo pake." Akaila ile karanga ya gotini. "Na utumbo unapukutisha chembe kila siku, zinatoka na choo. Tukijua kuzisoma vizuri, tutaweza kumwambia mtu mapema, kabla hajaanza hata kuumwa. Hiyo ndiyo ndoto."

Alisema ndoto, na mimi mtu akitaja ndoto amenimaliza. Nilirudi kwenye baiskeli yangu nikiimba. Nilikuwa nimebeba choo, na nilihisi nimebeba barua.

Shida ilikuwa kwenye fomu. Kitaalamu jambo lile linaitwa umethilishaji, na waliotafsiri fomu waliona, kwa haki kabisa, kwamba neno hilo ukimsomea mtu wa Uyui atadhani unapiga chafya. Wakatafuta neno rahisi. Wakaandika: "Utafiti huu unachunguza jinsi vinasaba vyako vinavyofungwa na kukuletea ugonjwa."

Vinavyofungwa. Sijui walikaa mji gani walipoliandika hilo neno. Huku kwetu duka linafungwa na mlango unafungwa, hakuna ubishi. Lakini mtu akifungwa, hajafungwa na upepo. Kizazi kinafungwa, nyota inafungwa, na aliyeifunga ana jina, ana uso, na aghalabu alikula kwako sikukuu iliyopita. Ukifungwa unamtafuta wa kukufungua, na huyo hayupo hospitali.

Isikizya nilisoma fomu mbele ya mfugaji mmoja mnene, mtu wa heshima, aliyenisikiliza huku ameegemea fimbo. Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo serikali imekubali."

"Imekubali nini, baba?"

"Kwamba watu wanafungwa. Miaka yote tukisema mnatuita washamba." Akanisogelea. "Sasa binti, niambie. Majibu yakitoka yatataja jina, au yatataja upande tu? Maana upande ninaujua mimi. Ni mashariki, kwa shemeji yangu."

Tulicheka sana kwenye gari siku hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Wiki iliyofuata tuliporudi, shemeji mtu alikuwa amehamisha ng'ombe wake, na mkewe hakutaka hata kupokea salamu yangu. Hapo nikaacha kucheka.

Nilikwenda kwa daktari mkuu wa mradi. Namheshimu, na namheshimu hata sasa. Ni mtu anayefika kazini kabla ya mfagiaji. Lakini alikuwa na tabia ya kukusikiliza huku macho yake yako kwenye kompyuta.

"Shikamoo daktari. Lile neno kufungwa, watu wanalielewa vingine."

"Marahaba. Kufungwa ni kufungwa, binti. Mlango unafungwa."

"Na kizazi kinafungwa, daktari."

"Hayo ni mambo ya vijijini."

"Ndiko tunakochukua choo."

Hapo aliniangalia. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba fomu imepitishwa na kamati, ina muhuri, na neno moja likibadilishwa na kila msomaji anavyojisikia basi hakuna utafiti, kuna soga. "Wewe soma kama ilivyoandikwa."

Nikawa nasoma kama ilivyoandikwa. Kama kuna jambo ninalojutia katika haya yote, ni hilo. Kwa sababu mtu wa tano au wa sita niliyemsomea baada ya hapo alikuwa shangazi yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na shangazi, dada yake baba, akaja kunichukua akiwa na kanga moja begani na nyingine ya kunibebea, akanipeleka nyumbani kwake Ipuli. Mumewe alikuwa na wake wawili. Shangazi ndiye bi mkubwa. Mzee alipofariki, watu walitegemea bi mdogo afungashe arudi kwao, lakini wale wanawake wawili walimaliza eda wakatoka pamoja, wakaendelea kupika jiko moja. Wanagombana kila siku kuhusu chumvi. Shangazi sikio la kushoto halisikii vizuri tangu zamani, na kila baada ya muda bi mdogo humlaza kichwa mapajani, akapasha mafuta ya karanga yawe vuguvugu, akadondosha tone kwa unyoya wa kuku, akamtoa nta. Nimekua nikiiona hiyo kazi. Shangazi hulala usingizi katikati, na bi mdogo huendelea kumsema vizuri wakati hasikii.

Alikuwa anatoka damu chooni na alilificha jambo hilo akiliita bawasiri. Nililigundua kwa kuona kanga aliyoifua usiku. Nilimbembeleza, nikamwandikisha kwenye mradi, na nikamsomea fomu mwenyewe, nimekaa upande wake wa kulia ili asikie vizuri kila neno. Akasikia vizuri kila neno. Choo chake kikaonyesha damu, akapelekwa kwenye kamera ya utumbo, wakaona uvimbe, wakakata kinyama kidogo cha kupima na kingine cha utafiti. Ilikuwa kansa. Lakini, alisema daktari wa upasuaji, bado haijasambaa, na ikitolewa sasa kuna matumaini makubwa. Akampangia kulazwa Jumatatu, kisu Jumanne.

Ijumaa kabla ya hiyo Jumatatu nilifika Ipuli saa kumi jioni nikiwa na maembe kwenye kapu la baiskeli. Nikamkuta bi mdogo uani, amepiga goti juu ya godoro lake, analifunga kamba.

"Bi mdogo, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nakwenda kwetu Urambo. Muulize shangazi yako."

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, amejitanda kama yuko msibani. Begi lake dogo lilikuwa tayari miguuni, na si begi la hospitali, kwa sababu sikuona beseni wala kikombe.

"Sikusudii kwenda kwenye kisu," alisema. "Kesho naondoka na basi la Sikonge. Kuna mtu huko anafungua."

"Anafungua nini, shangazi?"

"Nilichofungwa."

"Nani kakwambia umefungwa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na hasira. "Si ni wewe? Ulinisomea hapa hapa. Karatasi ya serikali, ina muhuri. Nikakuuliza, na wewe ukasema ndivyo ilivyoandikwa."

Bi mdogo akavuta fundo la kamba hadi likalia.

"Na sasa," alisema bila kugeuka, "katika nyumba yenye watu wawili, mmoja akifungwa, aliyemfunga ni nani? Hahitaji kunitaja. Jana nimempakulia uji, akaunusa."

"Nilinusa kwa sababu hukutia sukari."

"Ulinusa, dada. Miaka yote hii. Ulinusa."

Nilikaa chini kwenye vumbi katikati yao. Nilianza kueleza kama bwana wa maabara alivyonieleza, maandishi, walinzi, methili, na kadiri nilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuharibika, kwa sababu kila nilipofika kwa mlinzi aliyenyamazishwa, shangazi aliuliza na nani, na kila nilipofika kwa kitu kilichowekwa juu ya herufi, aliuliza kimewekwa na nani. Sauti yangu ikashuka. Shangazi akageuza kichwa, akanipa sikio lake la kulia, kama afanyavyo siku zote mtu akisema polepole.

Na mimi nikalitazama lile la kushoto.

"Shangazi, sikio lako la kushoto kwa nini halisikii?"

"Si unajua. Nta."

"Nani alikutia nta?"

"Nani atanitia nta, wewe mtoto? Inatoka yenyewe."

"Kwa hiyo hukufanyiwa."

"Kila mtu ana nta. Wewe unayo. Inazuia mavumbi na wadudu. Mimi yangu imezidi tu, na uzee."

"Basi shangazi," nikasema, "ndani ya utumbo wako kuna mlinzi. Kazi yake kusikia chembe zikizidi akazikemea. Amejaa nta sikioni. Hakuna aliyemtia. Nta kila mtu anayo na ina kazi yake, ila ya kwake imezidi mahali pabaya, akawa kiziwi. Hicho ndicho tunachokitafuta kwenye mradi. Kwenye ile karatasi wameandika neno baya, na mimi nimekusomea neno baya. Si kufungwa. Ni nta."

Bi mdogo aliacha kamba.

Shangazi akauliza swali ambalo hadi leo sijasikia mtu mwenye digrii akiliuliza vizuri zaidi: "Na mafuta ya huyo mlinzi yako wapi? Si mumdondoshee, ile nta itoke?"

"Wataalamu wanayatafuta, shangazi. Dawa za namna hiyo zinajaribiwa. Kwa kansa yako hazijawa za kutegemea, na uvimbe umeshaota. Ni lazima utolewe kwa kisu."

"Angalau husemi uongo."

Akamwita bi mdogo. Bi mdogo akasema yuko na kazi. Akamwita tena. Bi mdogo akaja, akasimama na mikono kiunoni.

"Uji wako," shangazi alisema, "kweli haukuwa na sukari."

"Sukari iliisha. Ungeuliza."

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani, na nyumba ile haijawahi kuwa na nyingine. Godoro halikufunguliwa kamba, lakini lilirudishwa ndani. Shangazi akaniambia kwamba kwenye kisu atakwenda, ila kwa sharti moja. "Siingii kwenye kile chumba, nikalazwa kama maiti, huku nje nimeacha karatasi yenye dole gumba langu inayosema nimefungwa. Nikifa, itabaki kuwa ndivyo. Watamsema huyu," akamnyooshea bi mdogo kidevu, "kwamba ndiye. Neno litoke kwanza."

Jumamosi nilifanya kosa la kikazi, na nilijua ni kosa. Nilichukua fomu zote mpya nilizokuwa nazo kwenye mkoba, nikakaa na kalamu, nikalikata lile neno moja baada ya jingine, nikaandika juu yake: vinavyozibwa, kama sikio linavyozibwa na nta. Mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika kama ninayejaza cheti cha ndoa.

Jumatatu asubuhi nilizipeleka ofisini mwenyewe, na daktari akazipanga mezani. Hakupaza sauti.

"Unajua hii ni nyaraka ya utafiti?"

"Najua, daktari."

"Unajua nani ana mamlaka ya kuibadilisha?"

"Si mimi."

"Sasa?"

"Daktari, kuna mstari mmoja chini kabisa, juu ya sahihi. Unasema: Nimeelezwa kwa lugha ninayoielewa. Huo mstari nao una muhuri. Nikisoma lile neno, huu mstari unakuwa uongo, na sahihi ya shahidi ni yangu. Mimi nabeba choo, sibebi uongo."

Nilikuwa nimeufanyia mazoezi huo msemo njiani nikiwa juu ya baiskeli, nakiri. Haukutoka vizuri kama njiani. Lakini ulitoka.

Aliniambia nivue kizibao na kuliacha deli hadi suala langu liamuliwe. Nilikuwa nafungua zipu ndipo mlango ulipogongwa, akaingia shangazi na begi lake, safari hii na beseni, na nyuma yake bi mdogo amebeba shuka na chupa ya uji. Walikuwa wakipita kwenda wodini.

"Hodi. Daktari wa kile kinyama ni wewe?"

Daktari akasimama. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kuchukua kinyama changu."

"Samahani?"

"Mlinikata kinyama. Nimesomewa kwamba nina haki ya kujitoa siku yoyote bila kuulizwa kwa nini, na matibabu yangu hayatapungua. Najitoa. Nipeni nikazike."

Daktari alinitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Akamwita bwana wa maabara, naye akaja na kichupa chenye kile kinyama, kimeshikwa kwa kitambaa, labda alidhani wanataka kukihamisha. Shangazi akakisogelea, akakipokea. Ndani kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya choroko.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Kidogo hivi." Akakiinua kwenye mwanga. "Na huyo mlinzi yumo humu?"

Bwana wa maabara hakujua tulichozungumza nyumbani, lakini ni mtu mwepesi. "Yumo, mama. Bado hatujamsoma kama anasikia au hasikii."

"Hataweza kusikia. Ana nta." Kisha akamgeukia daktari. "Kwenye karatasi yenu nimeandikwa nimefungwa. Huyu ni mke mwenzangu. Nimemnusia uji kwa ajili ya karatasi yenu. Ukitaka kibaki, niambie wewe mwenyewe, msomi, mbele yake: nimefungwa au sikufungwa?"

Daktari alivua miwani. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia lile neno likitoka kwenye kinywa cha mtu ambaye lilikuwa linamhusu. Akasema, "Hukufungwa na mtu, mama."

"Hilo sikio bovu. Rudia huku."

Akazunguka meza. Akainama, mrefu alivyo, hadi kwenye sikio la kulia la shangazi yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi koridoni: "Mama, hukufungwa na mtu yeyote. Ni mwili wenyewe. Neno lile ni letu, na ni baya."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akamrudishia bwana wa maabara kichupa kwa mikono miwili. "Basi kibaki. Na huyu binti mrudishieni deli lake, hajui kazi nyingine."

Hawakunirudishia siku hiyo. Kwenye jambo moja daktari alikuwa na haki, fomu hazikatwikatwi kwa kalamu, na nilikaa nyumbani majuma kadhaa nikisubiri kamati. Lakini jioni ile ile aliiandikia kamati mwenyewe, na kwa mkono wake akaandika maelezo, akayatia sahihi, akayabana kwenye fomu ya shangazi. Nilimsomea shangazi wodini. Akataka niyarudie mara mbili, halafu akamwambia bi mdogo, "Umesikia," na bi mdogo akajibu kwamba yeye masikio yake ni mazima.

Jumanne alfajiri nilimkuta bi mdogo amemlaza kichwa mapajani, pale pale kitandani hospitali. Alikuwa amekuja na mafuta ya karanga kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, ameyapasha kwa kukitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Alikuwa anadondosha kwa unyoya. Nesi alipouliza kulikoni, bi mdogo akasema, "Si mtamchoma nusukaputi? Mkimwita aamke, asikie."

Tulikaa kwenye benchi la koridoni mimi na yeye. Alishika ule unyoya muda wote. Jua lilipanda, likaingia dirishani, likafika miguuni kwetu, likaanza kutoka. Nilijaribu kuwaza ndoto zangu za kawaida, koti jeupe, kitabu kizima cha maneno ya sayansi ambayo shangazi angeyaelewa, na hakuna hata moja iliyokubali kuja.

Mwishowe nesi akachungulia mlangoni, barakoa shingoni.

"Ndugu wa yule mama wa Ipuli? Kazi imekwisha, lakini tunamwita haitiki. Huwa mnamwitaje?"

Bi mdogo alikuwa ameshasimama. "Mnamwita upande gani?"

"Upande?"

"Wa kushoto bado, hata kwa mafuta. Mwite kulia. Na msimwite jina lake, ataona ni wageni. Mwambie uji umewekwa sukari."

Nesi akatutazama mmoja mmoja, akaona hatutanii. Akarudi ndani. Mlango ule una bawaba za kuyumba, haukujifunga vizuri, na tulimsikia akiinama mahali na kusema kwa sauti kubwa, kwa aibu kidogo, kwamba mama, uji umewekwa sukari.

Kisha ile sauti ninayoijua tangu nina miaka sita, nzito, imejaa usingizi na ubishi:

"Kiasi gani?"

Bi mdogo akakaa chini, akautia unyoya kwenye mkunjo wa kanga yake, akafunga fundo.